Nilipoifanyia Benki Ujanja wa Sokoni

Aibu hii nnaisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanangu, maana wao wakiisimulia hutia chumvi, na chumvi haihitaji.

Binti yangu Zuwena alikuwa ananunua nyumba mtaa wa Mabela kwa mkopo wa benki, kachoka kukaa Ruwi kwenye fleti ya kukodi, watoto wanne chumba kimoja. Alhamisi ile ilikuwa lazima aamue: akitia saini, ile faida yao (jina la adabu la riba hilo, nyie mnajua) inafungwa hapo ilipo, haipandi tena, asipotia, Jumapili wakifungua baada ya mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi ni kiwango kipya, na siku zile kilikuwa kinapanda tu. Usingizi ulimruka, akaniomba nifuatane naye nimtie moyo.

Tukafika karibu na kufunga. Binti wa benki akatuonesha kiwango, Zuwena kashashika kalamu, nami nikamkamata mkono. Mie umri wangu wote nnanunua sokoni Matrah, vitambaa, dhahabu, udi, na dawa ni moja: unataja bei yako, wakikataa unajitanda buibui unaondoka, hufiki mlangoni ushaitwa.

"Punguza, au tunaondoka," nikamwambia yule binti.

"Khala," akaniita kwa heshima, kama Waarabu wamwitavyo mama mtu mzima, "kiwango hiki si changu kupunguza."

"Haya. Zuwena, inuka."

"Mama, tafadhali! Leo ndiyo mwisho."

"Inuka nakwambia, watatuita."

Zuwena akatangulia garini, macho yamemjaa machozi, mie nyuma nnakokota miguu makusudi ili waniwahi. Nikasimama mlangoni. Mlango wenyewe ule wa kujifungua, basi ukawa unafunguka, unajifunga, unafunguka, joto lote linaingia, watu wameshageuka wananitazama, mpaka askari akaniuliza, "Khala, unaingia au unatoka?" Hakuna aliyeniita. Nikatoka, nikajibanza nyuma ya nguzo nnachungulia kiooni, na nnaona nini? Kiti cha Zuwena kashakikalia mtu mwengine.

Hapo ndipo nilipojua hatuitwi. Nikarudi mbio (kwa magoti haya!), askari kashafunga, saa za kazi zimekwisha. Nikagonga kioo kwa viganja viwili, ushungi umeniporomoka, nnapiga kelele, "Nimekubali! Nimekubali bei yenu!" na wapita njia wamesimama, na huko ndani wananipungia mkono, wanadhani nnaaga.

Ijumaa na Jumamosi hazikuisha. Zuwena hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Kila nikisali nnaomba kiwango kisipande, hata rakaa zinanipotea.

Jumapili akaenda peke yake. Nikampigia.

"Vipi, mwanangu?"

"Kimepanda, Mama. Nimekifunga hivyo hivyo. Kidogo tu."

Hicho kidogo atakilipa kila mwezi mpaka watoto wake waoe. Nyumba ni nzuri, wallahi, lakini mie nikienda naona haya hata kulisifia jiko. Sokoni naondoka bado, na wananiita bado. Ila mtu akishika kalamu kwa jambo lake, hata awe mwanangu wa kumzaa, mie mkono wangu utakaa mapajani.