Cherehani Iliyoitwa Kielelezo

Siku tatu za kwanza pale Ndhiwa, kila mtu tuliyemuuliza alijibu hapana. Swali lenyewe ndilo lililofungua fomu: "Je, umewahi kuwa mhasiriwa wa uhalifu?" Hapana. Mwenye duka aliyeng'olewa mabati akasema hapana. Muuza mahindi, ambaye soko zima lilijua alivyoporwa baiskeli, naye akasema hapana, tena kwa ukali, kama mtu aliyesingiziwa. Mhadhiri aliyeniajiri, mama wa chuo kikuu kutoka Nairobi, alijaza visanduku vya "hapana" huku uso ukimshuka.

Siku ya nne mzee mmoja muuza kamba alituuliza kwa upole, "Kwani ni nani amewaambia mimi niko na hasira? Mimi sina hasira na mtu."

Nikashika kichwa. Mhasiriwa ni mtu aliyepatwa na hasara, lakini wao walisikia hasira. Tulikuwa tumezunguka soko zima tukiwauliza Wasabato na Wakatoliki, mbele ya majirani zao, kama wao ni watu wa hasira za kihalifu. Nani angekubali? Na aliyeitafsiri fomu ile kutoka Kiingereza alikuwa nani? Mimi hapa, bingwa wa Kiswahili.

Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea mwisho. Nilikuwa nimeacha kazi ya ukalimani mahakamani, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi huku Migori na Homa Bay, nikihamishwa kutoka kituo hadi kituo. Asubuhi niligeuza Dholuo, yaani Kijaluo, kuwa Kiswahili, Kiswahili kuwa Kiingereza, na mchana nikarudi kinyumenyume. Kikuria nilikijua cha kuombea maji. Kesi nitakayoisimulia ilisikizwa wapi, sitasema. Haina maana, kwa sababu aliyekosea si mahakama, ni mimi.

Madam, ndivyo nilivyomwita mhadhiri, alinieleza utafiti wake tukinywa chai kwenye hoteli ya soko. Alisema wasomi wa uhalifu kwa muda mrefu walimtazama mwizi tu: amezaliwa wapi, amelelewaje, kwa nini aliiba. Aliyeibiwa hakuulizwa kitu. Baadaye wakamkumbuka, lakini wengine walimkumbuka kwa ubaya, wakaanza kutafuta yeye mwenyewe alichangia nini: mbona aliacha mlango wazi, mbona alipita njia ile. Sasa kulikuwa na swali jipya, na ndilo lililomleta kwetu. Je, kituo cha polisi na mahakama havimuumizi mtu huyo mara ya pili?

Niliona ni maneno ya watu wenye muda. Nikamwambia kwa heshima kwamba mahakama haiwezi kumuumiza mtu inayemtetea. Akacheka. "Mzee, tutaona," akasema.

Nilimjibu vile nikijua naongopa. Kulikuwa na cherehani.

Ilikuwa cherehani ya mkono, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika upande ule ambao kiganja hukaa. Mwenyewe alikuwa mjane, fundi wa nguo, akishona sare za shule kwenye veranda ya duka la mtu. Ikaibiwa. Ikapatikana kisiwani Mfangano kwa mwanamume mmoja aliyesema ameinunua kwa mtu asiyemjua. Polisi wakaichukua, wakaifunga kikaratasi chenye namba, na kuanzia siku hiyo haikuwa cherehani tena. Ilikuwa kielelezo cha kesi. Na kielelezo hakishoni nguo.

Kesi iliahirishwa mara saba. Mara hakimu yuko likizo, mara faili haionekani, mara mshtakiwa ni mgonjwa. Kila mara askari aliileta cherehani begani, akaitua juu ya meza mbele yangu. Mama naye alikuja kwa miguu, akaketi benchi la mbele. Mama hakumtazama mshtakiwa hata siku moja. Alitazama cherehani. Siku moja aliinuka akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso, na karani wa zamu akamfokea, "Mama, usiguse kielelezo!" Akarudi kuketi. Kwenye jalada jina lake halikuwa mwenye cherehani. Alikuwa shahidi wa kwanza.

Nje, ukumbini, alikuwa akinisubiri mimi, maana ni mimi tu niliyesema lugha yake mle ndani.

"Baba, mashine yangu wananipa lini?"

"Kesi ikiisha, mama."

"Na itaisha lini?"

"Wewe subiri tu."

Januari moja ya sare ilipita akishona kwa mkono, na wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Januari ya pili ilikuwa inakaribia. Hakutaka yule mwanamume afungwe. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka mashine yake, basi.

Mara ya nane, kiongozi wa mashtaka alisimama akaomba tena tarehe nyingine, kwa kuwa askari aliyepeleleza kesi alikuwa amehamishwa mbali. Hakimu akakasirika. Akanigeukia, "Muulize mlalamikaji anasemaje."

Nikamuuliza. Mama akasimama, ameshika benchi kwa mikono miwili. Kisha akainua kidevu kuelekea mbele na kutamka neno moja: "Aseweyone."

Kwa wasiojua Dholuo, maana yake ni "nimemwachia". Na kama ilivyo kwenye Kiswahili chenyewe, neno halisemi umemwachia nani, wala ni kuachia gani. Unaweza kumwachia mtu jambo aliamue. Unaweza pia kumwachia mtu kosa lake, na kanisani kwetu ndivyo tunavyosema msamaha. Mbele ya mama walikuwepo wanaume wawili, hakimu juu kwenye kiti chake na mshtakiwa kizimbani chini yake, karibu mstari mmoja. Kidevu kilielekea huko.

Ningesema tu, "Anasema amemwachia," hakimu angeuliza, "Amemwachia nani?" na yangeishia hapo. Lakini mimi nilikuwa mkalimani wa neno kwa neno? Thubutu! Nilijisifu kwamba natafsiri maana. Mawakili walinisifia hivyo na mimi nikavimba. Halafu niseme ukweli, kesi ile nilikuwa nimeichoka. Nikakohoa, nikatoa ile sauti yangu nzuri: "Mheshimiwa, mlalamikaji anasema amemsamehe mshtakiwa."

Hakimu akainua macho. "Ana uhakika?"

Nikamuuliza mama kama ana uhakika. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na uhakika kabisa.

Yaliyofuata hayakuchukua hata dakika tano. Kiongozi wa mashtaka hakuwa na pingamizi. Hakimu akaandika kwamba lalamiko limeondolewa, mshtakiwa yuko huru, na kielelezo kirudishwe kwa yule aliyekutwa nacho. Maneno hayo ya mwisho yalisemwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyeniambia niyatafsiri. Sikuyatafsiri.

Mama alinikuta ukumbini. Nyuma yake yule mwanamume alikuwa anatoka na cherehani kifuani, ameikumbatia, kikaratasi cha namba bado kinaning'inia.

"Baba, anaipeleka wapi?" mama akaniuliza. "Si nimemwachia hakimu aamue? Ndio ameamua hivyo?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mpigo. Hakimu alikuwa bado ameketi ndani. Kutoka niliposimama hadi mezani pake ni hatua kumi, labda kumi na mbili. Ningerudi nikasema, "Mheshimiwa, nimekosea neno." Niliona aibu. Niliogopa pia, maana mkalimani akishasema mara moja kwamba amekosea, kila mfungwa atakumbuka kwamba alitafsiriwa vibaya. Karani akaita kesi iliyofuata, ya mtu wa mpakani na ng'ombe wake.

"Nenda kwa polisi, mama, watakueleza," nikasema. Nikaingia ndani.

Sasa turudi Ndhiwa. Tulipolifuta neno mhasiriwa na kuuliza kwa lugha ya kawaida, "Umewahi kuibiwa, kupigwa, au kutendewa ubaya?", maneno yalimwagika hata fomu hazikutosha. Wavuvi wa Kisegi, kule ziwani, walituhesabia nyavu zilizokatwa majini. Bwana mmoja wa mpakani alisema yeye hakuibiwa ng'ombe, alichukuliwa, halafu akaenda akachukua, kwa hiyo tuandike nini? Madam alicheka hadi akavua miwani. Kazi ilianza kunipendeza, hata nikajiona msomi.

Kisha akatoa orodha nyingine. Ilikuwa ya kesi zilizoondolewa mahakamani kwa sababu mlalamikaji alisamehe.

"Hawa ndio wananishangaza, Mzee," akasema. "Mtu anaibiwa, anahangaika miezi na miezi, halafu anasamehe. Nataka kuandika sura nzima juu ya msamaha wa watu wa huku."

Jina la nne lilikuwa la mama wa cherehani. Nikamwambia Madam goti linaniuma, twende kesho. Akasema basi ataniazimia baiskeli. Nikasema goti limepata nafuu.

Tulimkuta ameketi mlangoni, sketi ya shule mapajani, akipiga pindo kwa sindano ya mkono. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita kati yetu. Alimsalimu Madam, akanisalimu mimi vilevile, bila tofauti, akatutolea viti viwili. Vidole vyake viliendelea na pindo.

Madam hakujua Dholuo hata salamu. "Mwambie nashukuru kutupokea," akasema. "Halafu muulize kwa nini alimsamehe yule mtu."

Nikauliza.

"Mtu gani?"

"Yule wa cherehani."

"Mimi sikumsamehe mtu," akasema.

Nikatafsiri. Madam akapekua karatasi zake. "Lakini hapa imeandikwa amesamehe. Imeandikwa na mahakama."

Nikalipeleka hilo kwa mama, na jibu lake nikalirudisha kama lilivyotoka, sikupunguza wala kupamba: "Nilisema nimemwachia hakimu, kwa sababu hakimu ndiye mwenye nguvu ya kuamua. Mkalimani akasema yake."

Kalamu ya Madam ilikuwa inakimbia. Hakuinua kichwa. Swali lililofuata lilikuwa na visanduku: baada ya tukio, ni nani aliyekuumiza zaidi, polisi, mahakama, jamaa, au wengineo? Nililisoma nikijua linakuja, maana mimi ndiye niliyelitafsiri.

Mama akavuta uzi hadi mwisho. "Mwizi alichukua mashine," akasema. "Polisi waliishika, wakairudisha mezani kila siku, nikawa naiona. Mkalimani alichukua neno langu. Baada ya hapo sikuiona tena."

Nikatafsiri sentensi moja baada ya nyingine. Sauti yangu nzuri haikuja. Madam akaandika "mkalimani" kwenye mstari wa wengineo, akakipigia alama kisanduku chake, akasema kwa Kiingereza, bila kunitazama, kwamba hilo hajawahi kulisoma mahali popote.

"Madam," nikasema, "mkalimani huyo ni mimi."

Kalamu ikasimama. Mama hakuhitaji kutafsiriwa. Ningalimwambia mengi nikiwa nimejipanga, lakini nililoweza lilikuwa hili tu, kwa Dholuo, kwamba nilijua siku ileile, pale ukumbini, na sikurudi ndani. Akasema, "Najua ulijua. Nilikuona uso." Akageuza sketi, akaanza upande wa pili wa pindo.

Madam ni mtu wa adabu. Alingoja, kisha kwa sauti ya chini akaomba tumalize fomu, lilibaki swali moja. Je, ana lolote la kuongeza?

Nikamuuliza. Mama akafika mwisho wa pindo, akafunga fundo. Safari hii hakuinua kidevu kwa mtu yeyote wa mbali. Alinitazama mimi na kusema, "Aseweyoni."

Nimekuachia wewe.

"Amesemaje?" Madam akauliza.

Miaka yote ile mahakamani sikuwahi kusema neno hili mbele ya mtu aliyeniuliza tafsiri. "Sijui, Madam."

"Hujui Dholuo?"

"Neno nalijua. Sijui amemaanisha lipi."

"Basi muulize."

Nikamuuliza, Mungu ni shahidi. Nikamwambia, mama, ni kunisamehe, au ni kuliacha jambo lako mikononi mwangu? Akakata uzi kwa meno. Akajibu kwa Kiswahili alichookota sokoni tangu siku zile, ili Madam asikie mwenyewe, "Huyu anajua Dholuo mzuri sana. Atafute mwenyewe."

Nikamtajia Madam herufi za lile neno, moja moja, naye akaliandika. Mahali pa tafsiri akapaacha wazi.