Kusali Nje ya Ukuta

Jumuiya zilipoanza katika kigango chetu, padre alitutangazia kwamba tangu siku hiyo Kanisa litakuwa nyumbani kwetu. Tusingoje Jumapili, wala tusimngoje yeye afike na pikipiki yake kutoka Tukuyu. Nyumba za jirani zikutane kila Alhamisi jioni, zisome Injili, zisali, watu wajuane. Waumini walipiga makofi. Mimi nilibaki najiuliza nitakaa wapi, maana kati ya nyumba nilizopangiwa ilikuwemo ya baba mkwe wangu.

Asiye wa Rungwe nimweleze kidogo. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake, na baba mkwe hamtazami yeye. Ukisikia anakuja njiani, unaingia migombani, unajifunika kanga mpaka apite. Humsemeshi, huingii chumba alichomo. Ni heshima, wanasema. Kwetu Kiwira, nilikozaliwa, baba yangu alishaachana na jambo hilo. Wake za kaka zangu walimpakulia chakula na kumtania. Wakristo wengi walikuwa wameliacha. Mimi nikaolewa katika ukoo wa watu wagumu, na mgumu kuliko wote ni mzee huyo, Mkatoliki tangu ujana wake, mtu wa rozari na benchi la mbele. Nilimjua kwa koti lake la kahawia, tena kwa nyuma, na kwa kikohozi chake.

Kanisani tulimudu. Wanaume upande wao, sisi upande wetu, mimi nyuma kabisa, na yeye hakugeuka. Nilikwenda kukomunika akisharudi mahali pake na kuinamisha kichwa. Lakini jumuiya ni chumba kimoja, watu wamekaa magoti kwa magoti. Na kana kwamba hayo hayatoshi, wakamchagua yeye kuwa mwenyekiti.

Basi nikawa nasali nje. Nilikaa kwenye kigoda chini ya paa, nyuma ya ukuta wa mianzi, na binti yangu mchanga mgongoni, bado hajabatizwa. Mume wangu alikuwa kibarua katika mashamba ya chai, anarudi mwisho wa wiki tu, na waliobaki kusoma kwao kulikuwa kwa kuokoteza herufi. Msomaji nikawa mimi. Hebu fikiri: Injili ya jumuiya nzima inasomwa na mtu aliye nje, anapaza sauti kushindana na mvua, na mvua ya Rungwe haina adabu. Wenzangu ndani wanaota moto na kula ndizi za kuchoma. Mimi maji yananiingia shingoni huku nasoma habari za karamu ya harusi. Wakimaliza kuimba, mama mkwe ananiletea chai mlangoni na kuninong'oneza, "Ndaga, mwanangu," yaani asante. Niliinywa chai hiyo nimekasirika hata sikuisikia sukari.

Siku hizo udugu ulikuwa kila mahali. Mwenyekiti wa kijiji alituhubiria kwamba sote ni ndugu, hakuna mkubwa wala mdogo. Kisha tukienda kulima shamba la kijiji, mimi napewa mstari wa mwisho kule bondeni ili mzee asije akaniona. Jumapili padre naye anaurudia udugu uleule. Nilikuwa nasaga meno.

Padre aliweka sheria kwamba mtoto habatizwi mpaka mwenyekiti wa jumuiya aseme mbele yake kuwa wazazi wanahudhuria. Sheria nzuri, sikuipinga. Siku ya kuulizwa nilisimama nyuma ya kanisa nimembeba binti yangu. Padre akaninyooshea kidole.

"Mama yule huja jumuiyani?"

Baba mkwe akasimama, akakohoa.

"Padre, siwezi kusema uongo nyumbani mwa Mungu. Kwa macho yangu sijamwona hata siku moja."

Na ilikuwa kweli! Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa na chuki nami ningejua la kufanya. Alikuwa mkweli tu, mkweli wa kukufanya utamani afumbe mdomo. Watu waliosikia sauti yangu kila Alhamisi wakatazama sakafu. Mume wangu akawa anaichunguza kofia yake kana kwamba ameinunua asubuhi ile. Padre akatikisa kichwa, akaenda kwa mtoto mwingine.

Misa ilipokwisha nilimfuata padre nje. "Ingia ndani na wenzako," akaniambia, "hayo ni mambo ya kipagani." Nikamuuliza, nikiingia mimi akatoka mzee, ukoo wote utanielewaje? "Tutaona," akasema, akawasha pikipiki. Yeye alikuwa anarudi Tukuyu. Mimi nilikuwa narudi kwenye ukoo huo. Nyumbani mume wangu akaniambia nivumilie, mzee ni mzee. Nikamwambia avumilie yeye, akasali huko mvuani.

Wakati ule surua ilikuwa inapita kijijini. Binti yangu akipata joto kidogo, moyo unaniruka. Niliweka kikombe cha maji safi karibu na kitanda, maana tulifundishwa kuwa mtoto akiwa hatarini mtu yeyote anaweza kumbatiza. Kila nilipokiangalia kikombe kile nilipandwa na hasira upya.

Alhamisi iliyofuata zamu ilikuwa ya nyumba ya mzee mwenyewe. Nilisoma Injili mpaka katikati, nikafunga kitabu. Ndani wakangoja. Nikasikia kikohozi, kisha sauti yake akimwambia mama mkwe, "Mwambie aendelee."

Sikumngoja mama. Nilijibu mwenyewe, kwa sauti ileile ya kusomea, nikamwita tata, yaani baba.

"Nani aendelee, tata? Hapa nje hakuna mtu."

Sikuwahi kumsemesha mzee huyo maishani mwangu. Nilijua fika kwamba ningeweza kurudishwa kwa baba yangu kwa maneno yale.

"Nitamwambia padre," akasema mwishowe, taratibu, "kumwona sijamwona. Lakini namsikia. Kila Alhamisi namsikia."

Nikafungua kitabu nikaendelea, bado nimekasirika, nikikosea maneno.

Padre aliridhika. Siku ya ubatizo baba mkwe akaomba ampakate mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe, pale mbele anaposimama mama wa mtoto, wakati wa kumwagiwa maji. Kila mtu aliona ni jambo jema sana. Mume wangu alifurahi mpaka akatokwa na machozi. Nikamvisha binti yangu gauni lake jeupe, nikamkabidhi kwa mama mkwe, nikatoka nje ya kanisa. Nilimsikia akilia maji yalipomgusa.