Ukumbi Uliofungiwa Jua Nje

Tuf-tuf-tuf, kikohozi, halafu kimya. Hivyo ndivyo jenereta ya ukumbi wetu wa michezo kule Keroka ilivyolia, na hata leo nikiikumbuka, nacheka kwa dharau.

Ukumbi ule tuliujenga kwa harambee miaka ya sabini, ukiwa na madirisha makubwa kila upande. Mchana haukuhitaji taa hata moja. Kisha kamati ikapata jenereta, na mwenyekiti akaamuru madirisha yote yapigiliwe mbao, ili wageni kutoka Kisii wazione taa zikiwaka saa sita mchana.

"Bila giza, taa itaonekanaje?" alituuliza, na kamati nzima ikapiga makofi. Watu wazima hao, wamevaa tai.

Sisi wasichana tulikuwa tunajiandaa kucheza tenisi ya meza na wenzetu wa Ogembo Jumapili. Mimi nilishaota nimeshinda, nimebebwa juu juu. Alhamisi dizeli ikaisha, giza likatanda, mpira hatukuuona tena.

"Mzee, tufungue dirisha moja tu," nilimwomba mwenyekiti.

"Wewe mtoto unataka turudi zamani?" akanijibu, akaenda zake kunywa chai.

Wenzangu walirudi nyumbani wakiwa wanyonge, nikawahurumia. Nikaenda kuchukua panga la nyumbani la kukatia ng'ombe majani, nikarudi ukumbini, nikapanda kwenye benchi, nikabandua ubao wa dirisha lililoelekea meza. Jua likaingia bure. Nikaudundisha mpira mara moja mezani, na niliuona vizuri kabisa.