Waya Mahali pa Fyuzi

Shemeji yangu aliweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, gari la watu likaungua, na lawama akambebesha kaka yake. Kaka yake alikuwa mume wangu. Amekufa nayo.

Mume wangu alikuwa fundi wa muziki wa magari. Wateja walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilowajibu walipotaka kelele za kupasua vioo. "Taratibu, bwana. Kwanza tuone hii amplifaya na hii spika kama wanaelewana." Alizungumzia vitu vile kama wachumba. Amplifaya dhaifu ukiilazimisha, alisema, inaunguza hata spika kubwa. Na spika ikidai umeme kupita uwezo wa amplifaya, amplifaya ndiyo inayochemka.

Mimi sikusoma, hata namba za kwenye mashine zile sizijui. Kazi yangu ilikuwa kushonea maboksi ya spika zulia. Lakini kila boksi likiisha, kabla halijaingia kwenye buti la gari, aliwasha muziki na kuniita. "Mama watoto, njoo utie mkono." Naweka kiganja juu ya mbao. Mdundo ukiwa mzima unasukuma kama mtoto tumboni. Amplifaya ikielemewa, unakwaruza. Nikisema "inasaga meno," anazima bila ubishi na kuanza kufungua skrubu.

Boksi la kwanza kabisa alilitengeneza la kuonyeshea wateja. Tulikosa pamba ya kujaza ndani, tukapasua mto wetu wa kitandani.

Sasa hiyo siku ya waya. Mume wangu alikuwa nyumbani na homa, karakana ameachiwa mdogo wake. Dereva wa teksi akaja kulalamika kuwa besi yake haitikisi. Spika yake ilikuwa na koili mbili za waya ndani, na mume wangu alikuwa ameziunganisha moja baada ya nyingine ili amplifaya isihangaike. Shemeji akazifungua, akaziunganisha sambamba, zikavuta umeme zaidi. Sauti ikapanda, dereva akacheka kama kashinda bahati nasibu. Fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika. Ndipo akakunja kipande cha waya na kukibana pale, umeme usikatwe tena.

"Shemeji," nikamwambia, "kaka yako akijua?"

"Shemeji, wewe shona zulia lako."

Siku ya pili yake teksi iliwaka moto kituoni, ng'ambo ya barabara, viti vyote. Hakufa mtu. Dereva alikuja karakana kwa hasira, mume wangu ndiyo kwanza ameamka kitandani, na shemeji akasema mbele ya kila mtu, "Mimi nilikuwa mshika tochi tu. Aliyefunga ni kaka."

Nikasema nilichokiona. Watu wakacheka. "Ulitaka mke aseme nini?" Mume wangu alimtazama mdogo wake, akanyamaza. Jioni nikamlipukia.

"Atasema mwenyewe," akanijibu. "Mpe muda. Taratibu."

Wateja waliisha. Maradhi yakamrudia, safari hii ya kifua. Mwishoni alinishika mkono akauweka kifuani pake. "Vipi, inasaga meno?" Nikamwambia bado nzima. Kiganja changu kilikuwa kinajua vingine.

Shemeji akairithi karakana, ambayo imepakana na ukuta wa chumba changu. Kila asubuhi analiwasha lile boksi la kwanza. Mdundo unapita ukutani, kikombe kinatembea mezani, kitanda kinatetemeka upande wa mume wangu, ule ninaouacha wazi. Mto wetu uko mle ndani. Nimejaribu kuhamisha kitanda, mdundo unanifuata. Kuna asubuhi nimeitika, "Nakuja, natia mkono," kisha nikakumbuka.

Juzi ule mdundo ulibadilika. Ukakwaruza. Nilitoka na kanga mabegani, nikaingia karakana, nikaweka kiganja juu ya boksi.

"Aa, karibu shemeji!" akasema, akiwakonyeza wateja. "Umekuja kucheza?"

"Koili umeziunganisha sambamba. Kama za teksi."

Wateja wakaguna. Yeye akacheka, lakini mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fyuzi, akaichomoa, muziki ukakatika. Akaisogeza karibu na macho yangu, akanong'ona, "Tazama basi. Siku hizi naweka fyuzi ya kweli."

"Siku hizi?" nikamuuliza.

Kicheko kikamwisha. Upande wa pili wa barabara, kituoni, yule dereva alikuwa ameegemea gari la mtu mwingine; ndilo analoendesha tangu lake liungue. Akapaza sauti, "Vipi huko, mbona mmezima?"

Shemeji akamtazama. Akanitazama. Mdomo ukafunguka.

"Hakuna kitu, kaka. Tunarekebisha."

Nikaondoa mkono, nikarudi chumbani. Baadaye kidogo ukuta ukaanza tena kudunda, safari hii bila kukwaruza: alikuwa ameziunganisha moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa.

Barabara ile unaivuka kabla hujamaliza kukohoa. Shemeji yangu anadaiwa kuivuka, asimame mbele ya yule dereva na wenzake wote, aseme, "Waya niliuweka mimi, siyo kaka." Anayemdai ni mume wangu. Kila asubuhi anabisha ukutani kwangu, na mdogo wake bado hajavuka.