Sayari Tisa kwa Basi la London

Haijanitoka mpaka leo, mjukuu wangu, ile Jumamosi ya baridi ambayo bibi yangu alinizungusha London nzima kuzitembelea sayari tisa. Niliikumbuka jana, ulipoibamiza simu mezani ukasema mama mkwe wako mtarajiwa hana akili, eti kabla ya harusi anataka uende India ukayapitie mahekalu tisa ya sayari, moja baada ya jingine. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa husikii, na pia chapati zangu zilikuwa zinaungua. Leo umetulia. Kaa hapa, na hiyo simu iweke mbali.

Sisi tulitoka Mombasa. Wahindi wengi wenye pasi za Kiingereza walikuwa wakifunga mizigo, nasi tukafunga yetu, tukafikia Thornton Heath, kusini mwa London, familia nzima katika vyumba viwili juu ya duka la mboga. Nikapata kazi ya kushona kiwandani. Huko ndiko nilikomwona Ashok, fundi wa mashine, ambaye leo ni babu yako na sasa hivi yuko ghorofani anatafuta miwani aliyoivaa. Nilimpataje Ashok, hilo unalijua, maana haachi kulisimulia na kulitia chumvi. Usilolijua ni jinsi nilivyompata mama yake.

Mama Ashok alikuwa mjane wa Kisumu. Wao Wapunjabi, sisi Wakachi. Lugha ya nyumbani kwao hatuijui, na yetu hawaijui. Kwa hiyo posa yangu ilizungumzwa kwa Kiswahili, sebuleni Thornton Heath, watu wote wamevaa makoti kwa baridi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nyota yangu iliposomwa. Ikaonekana Mirihi amekaa vibaya. Kwetu husemwa kwamba msichana mwenye Mirihi wa namna hiyo mumewe hadumu. Mama Ashok akaweka kikombe chini. Alikuwa amesikia kwamba kusini mwa India kila sayari ina hekalu lake, na anayeyazunguka yote tisa nyota yake hutulia. Akasema bila ziara hiyo hakuna harusi.

Nauli ya India tungeitoa wapi? Nami nilikuwa na ulimi kama wako. Nikamwambia, "Mama, hizo ni hadithi tu. Mirihi ni jiwe liko huko juu, limemuua nani?"

"Bwana yangu alikufa," akasema. "Wewe unajua nini?" Akajifunga shali, akasimama aende zake. Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi.

Bibi yangu, niliyekuwa nikimwita Ba, akamzuia mlangoni. "India mbali, Mama Ashok. Lakini sayari ziko juu ya London pia. Nipe Jumamosi moja, na uje mwenyewe ushuhudie."

Mgeni alipoondoka Ba alinivuta jikoni. Hakupandisha sauti. "Umemshinda kwa maneno. Haya, umepata nini? Yule hana ugomvi nawe, yule anaogopa. Hofu ya mtu haijibiwi kwa hoja, mwana wewe. Huishika mkono ukenda nayo."

Siku hizo hatukuwa na haya mahekalu makubwa ya mawe ya kuchonga unayoyaona sasa. Miungu waliishi na watu, kabatini, juu ya friji, popote palipobaki nafasi. Ba akawaendea jamaa zetu waliotawanyika mjini, akamwomba kila mmoja amkaribishe sayari mmoja nyumbani kwake kwa siku hiyo: kitambaa cha rangi yake, taa, na nafaka yake, kwa maana kila sayari ana nafaka yake. Hakuna aliyekataa. Wengine walikuwa wapweke kiasi kwamba wangemkaribisha hata mtoza kodi.

Tukaanzia kwa Jua, maana kwetu Jua na Mwezi nao huhesabiwa sayari, kule Peckham, kwa fundi cherehani aliyewahi kuwa jirani yetu Mombasa. Alikuwa amemweka juu ya cherehani, na ngano kwenye kisosi. Mwezi tukamkuta jikoni kwa mama mmoja, katikati ya mchele na bakuli la maziwa. Utaridi alikuwa na choroko, na kitambaa chake cha kijani kilikuwa skafu ya shule ya mtoto wa nyumba. Rahu na Ketu, wale wawili wasioonekana ambao hulimeza jua na mwezi, walipangiwa chini ya ngazi, karibu na mita ya umeme. Nilibana kicheko mpaka machozi yakanitoka. Na kila nyumba lazima ule! Sayari hatembelewi kwa tumbo tupu. Kutoka basi hadi basi nilikuwa napanda ngazi kwa shida.

Katika mabasi yote hayo Mama Ashok alinipa mgongo. Alikaa na Ba, nami nyuma yao, nikitazama kisogo chake.

Kwa Mirihi palikuwa na kitambaa chekundu na dengu nyekundu. Nilipoinama mtandio ukaniteleza. Nikahisi mtu ananifunika kichwa kwa shali yake, na mkono ukabaki pale juu. Sikuthubutu kugeuka. Tulipopanda basi, Mama Ashok alikuja kukaa karibu nami.

"Bwana yangu alikuwa wa reli," akaanza, akiangalia dirishani. "Asubuhi alikuwa na homa. Mimi nikamwambia usiende kazi. Alicheka tu, akaenda, hakurudi. Ashok alikuwa bado anatambaa." Kisha akashusha sauti, ingawa basi zima hakuna aliyejua Kiswahili. "Watu wa bwana yangu walisema mimi nimemuua. Nyota yangu. Mimi pia niko na Mirihi."

Fikiria, mwanangu. Miaka yote hiyo mwanamke yule aliamini kwamba alimuua mume aliyempenda. Hakuna aliyempeleka kwenye hekalu hata moja, na hakuna aliyekaa naye akamwuliza. Kumbe aliponitazama mimi sebuleni alikuwa akijitazama mwenyewe. Nikaushika mkono wake. Hatukuachana mpaka Edmonton.

Edmonton ndiko alikokuwa Zuhali, ambaye watu humwogopa kuliko wote. Ba alichagua Jumamosi makusudi, maana ni siku yake, na akamweka mwisho. Alikuwa katika banda la gari nyuma ya nyumba, jiwe jeusi lililomiminiwa mafuta na kunyunyiziwa ufuta mweusi. Zuhali hatazamwi usoni, unasimama pembeni. Na ukitoka, viatu ulivyokwenda navyo unaviacha mlangoni pamoja na mabaya yako, unakwenda bila kugeuka. Ba alikuwa amenivalisha viatu vikuukuu, na vingine vya kunibadilishia vilikuwa mkobani mwake. Nikaviacha vile vikuukuu kama nilivyofundishwa.

Nyuma yangu akatoka Mama Ashok. Viatu vyake vilikuwa vipya, vya ngozi, alivyonunuliwa na Ashok. Akavipita. Akaanza kukanyaga lami yenye maji kwa soksi.

"Mama Ashok, viatu!" Ba akamwita.

"Wacha vikae. Nimechoka kuibeba hii maneno." Wala hakugeuka. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Nikachukua viatu vya mkobani, nikapiga magoti pale njiani, nikamvisha. Alikataa, nikamshika mguu kwa nguvu, akakubali. Mimi nikaenda kituoni kwa soksi. Kondakta wa basi alinitazama miguu, akauliza kama nimetoroka hospitali. Mama Ashok hakuwa na Kiingereza ila cha kuokoteza, lakini alijinyoosha akamjibu kwa sauti, basi zima likasikia: "Huyu binti yangu."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Sikwambii kwamba nyota zinaua, wala sikwambii haziui. Nimezeeka na sijui. Ninalolijua ni kwamba mtu akikuletea hofu yake, hata ikiwa ya kuchekesha, usimwonyeshe kwamba amekosea. Mwulize ilianzia wapi. Huenda hakuna aliyewahi kumwuliza. Akili unayo, na mimi naionea fahari, lakini akili bila huruma itakuacha umeshinda na uko peke yako.

Haya, chukua simu yako umpigie yule mama. Usimwambie utakwenda. Mwambie mtakwenda wote wawili, wewe na yeye, na njiani kaa karibu naye, usimwachie mtu mwingine kiti hicho.

Aliyeziweka nyota mahali pake akuweke nawe mahali pema. Akupe nyumba yenye kelele za furaha, mume wa kuzeeka naye mpaka akuchoshe kwa miwani yake, na siku moja, mbele ya watu usiowajua, mwanamke huyo akuite binti yake.