Dola ya Leota Bierbaum

Leota Bierbaum aliuza kahawa katika ukumbi wa mahakama ya wilaya yetu kwa miaka kumi na saba, na karibu kila asubuhi mimi ndiye niliyekuwa mteja wake wa kwanza. Alikuwa haoni. Homa ilimpofusha akiwa na miaka tisa, na alipokuwa mtu mzima jimbo la Indiana likampa leseni ya kile kibanda, kama linavyowapa wasioona wengine kwenye majengo ya serikali. Naandika habari zake kwa sababu sioni mwingine atakayeziandika, na kwa sababu kuna jambo nilimfanyia ambalo sijamwambia hata mke wangu.

Kibanda chenyewe kilikuwa kaunta ya mbao chini ya ngazi kuu: birika mbili kubwa za kahawa, magazeti, pipi za kutafuna, na pai ya tufaha aliyoioka mwenyewe kabla hakujakucha. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi usiochagua mtu.

"Bwana Hakimu, huo mguu unaoburuta leo, ni uzee au ni harusi ya jana?" aliwahi kumuuliza hakimu mbele ya mawakili watatu.

"Ni harusi, Leota. Nipe kahawa nyeusi na uninyamazie."

"Kahawa nakupa. Hilo la pili bei yake huiwezi."

Mimi alinijua kwa kikohozi changu. Nikishapita mlango tu, kikombe kilikuwa kinajazwa. Kahawa ilikuwa robo dola. Mtu akitoa noti, Leota alimuuliza ni ya ngapi, akaambiwa, akarudisha chenji. Alikuwa anasema kwamba kwa miaka yote hiyo alidanganywa mara mbili tu, na mmoja wa hao wawili alikuwa wakili.

"Lakini sizipendi noti," aliniambia siku moja. "Zinanifanya ombaomba. Ukinipa karatasi sharti nikuulize, na sharti nikuamini. Sarafu je? Senti tano naijua, senti kumi naijua, robo naijua hata nikiwa usingizini. Kwenye sarafu, Delmar, mimi na wewe tuko sawa."

Nilitikisa kichwa kukubali, kisha nikakumbuka kwamba haoni, nikasema, "Ni kweli."

Mimi ni karani wa hati za ardhi, ghorofa ya pili. Vilevile ni katibu wa klabu ya wakusanya sarafu ya mji wetu, watu kumi na watatu tunaokutana kila Alhamisi jioni kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Mwaka 1979, dola mpya ya sarafu ilipotoka, mhariri wa gazeti letu aliiandikia klabu akitaka maoni ya wajuzi: je, mchoro wake ni mzuri, na je, sarafu hiyo itawafaa watu? Wajuzi ndio sisi. Mtu akikuita mjuzi, kichwa kinavimba upesi sana.

Basi tukaivaa kazi. Tulikuwa na dola mbili mpya kabisa kutoka benki, tukaziweka juu ya kitambaa cheusi chini ya taa. Kwetu sisi kuna sheria moja isiyovunjwa: sarafu hushikwa ukingoni, kwa ncha za vidole viwili, na uso wake hauguswi kamwe, kwa sababu mafuta ya ngozi huacha alama isiyotoka. Wengine huvaa glavu za pamba. Zilipitishwa mkono kwa mkono hivyo hivyo, kila mmoja akizitazama kwa lenzi yake.

"Mama amenuna huyu," alisema Wes Haugen, mwenyekiti wetu, muuza matrekta, akimtazama mwanamke aliyechongwa upande wa mbele wa dola. "Kama nimemcheleweshea vipuri."

"Angekuwa mwanaume ungesema ana heshima," alijibu Thelma Rausch, mwanamke pekee katika klabu. "Alipigania wanawake wapige kura, ulitaka awe anachekacheka?"

"Sijasema acheke. Nimesema amenuna."

Tukabishana juu ya tai wa upande wa nyuma, kama anatua mwezini au anaanguka. Tukabishana juu ya nywele za mama yule, na juu ya ule mstari wa pembe kumi na moja uliochongwa ndani ya ukingo. Thelma alisema jambo moja, nalikumbuka vizuri: kwamba dola hii inakaribiana mno na robo, ukubwa karibu uleule, meno ya ukingoni yaleyale. Wes akamwambia akanunue miwani. Tukapiga kura, tisa tukaikubali, wanne wakaikataa. Katika mabishano ya saa mbili hatukufumba macho hata mmoja wetu.

Mimi ndiye niliyeandika makala. Niliisifu dola ile mpaka mwisho, na kwa wale waliolalamika kwamba itachanganywa na robo niliandika hivi: "Mwenye vidole hawezi kukosea." Niliipenda sana sentensi hiyo. Nilimsomea mke wangu mara mbili wakati wa chakula.

Kufika Septemba nilianza kumwona Leota akikawia. Wateja wakiwa wachache, alichukua sarafu akaikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, akitafuta ule mstari wa pembe. Lakini mahakama ilipopumzika saa nne, watu ishirini wakamvamia kwa pamoja, hakuwa na nafasi ya kukwaruza. Aliweka kikombe cha bati pembeni akawaomba watu: "Kama ni ile mpya, niambie, weka humu." Wengine waliweka. Wengine walikuwa na haraka, wakatupa sarafu kwenye sahani wakaenda. Na yeye akazichanganya na robo, akawarudishia watu wengine dola nzima badala ya robo, nao wakazitia mfukoni.

Hayo yote niliyaona, ila sikuyahusisha na makala yangu hata kidogo.

Asubuhi moja ya Novemba tulikuwa peke yetu pale ukumbini. Nilimpa noti.

"Ya ngapi?"

"Ya moja."

Aliingiza mkono kwenye droo, akakaa nao humo kwa muda, kisha akaniwekea chenji kiganjani, sarafu tatu, moja baada ya nyingine. Nikachukua kikombe changu nikapanda zangu.

Juu mezani nilizitoa mfukoni. Robo mbili, na dola moja. Na kwa kuwa mimi ni mgonjwa wa ugonjwa huu, kabla sijafikiria lolote lingine nilichukua lenzi. Tarehe ilikuwa imesogea karibu na ukingo. Wakusanyaji wanaijua: mwaka ule zilitoka za aina mbili, na hiyo ya tarehe iliyosogea ilikuwa adimu. Wes alikuwa ameitafuta kwenye mabunda ya benki tangu kiangazi asiipate.

Nilisimama. Nasema kweli, nilisimama nikashuka ngazi hadi katikati. Kutokea pale nilimwona Leota ameshika kitambaa, hafuti kitu, uso ameuelekeza huku juu ngazini. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa wakaingia wazee wa baraza la mahakama na kelele zao. Nikajiambia, nikienda sasa nitamwaibisha mbele za watu. Nikajiambia nitampa robo kesho, kimyakimya. Nikarudi juu nikaitia dola ile kwenye kikadi cha kuhifadhia sarafu, nikaandika tarehe kwa kalamu nyembamba.

Kesho yake aliniuliza mwenyewe.

"Delmar, wewe si ndiye mtu wa sarafu? Hebu niambie, hii dola mpya unaionaje?"

Mlango huo alinifungulia yeye, wazi kabisa. Nami nikasimama pale, kikombe mkononi, nikamweleza habari za tai. Nikamwambia mabawa yamechongwa kwa ustadi. Nikamwambia historia ya mchoro, tangu dola kubwa ya zamani. Nilizungumza dakika tano nzima.

"Kumbe," alisema. "Tai." Akaanza kufuta kaunta.

Alhamisi hiyo niliipeleka klabuni. Wes aliitazama kwa lenzi, akapiga mluzi, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema, kwenye chenji ya kahawa.

"Kwa Leota?" Wes akacheka. "Siku hizi ukinywa kahawa pale unatoka tajiri!"

Wote walicheka isipokuwa Thelma. Nami nilicheka, na kicheko hicho hunijia nikiwa nanyoa ndevu, nikaona haya kujitazama kwenye kioo.

Msimamizi kutoka ofisi ya jimbo alikuwa anakuja kila mwezi kukagua kibanda. Mapato yalikuwa yanapungua tangu Agosti. Januari alimpa Leota onyo la maandishi, naye Leota akalazimika kumwomba karani wa mapokezi amsomee kwa sauti, palepale ukumbini. Nilikuwa kwenye foleni. Barua ilisema ameshindwa kumudu hesabu za biashara. Hakuna aliyemtetea. Ningeweza kuandika barua moja kwenda kwa msimamizi, katibu wa klabu ya sarafu, mjuzi wa wilaya nzima, nikasema kwamba kosa ni la sarafu, si la mwanamke huyu. Ingechukua nusu saa. Niliianza mara moja, nikafika mahali pa kueleza nimejuaje, nikaichana.

Aprili kibanda kilifungwa. Walileta mashine mbili za kahawa, na hizo mashine dola mpya hazikuipokea hata kidogo, ziliitema. Leota alikwenda kukaa kwa dada yake huko Terre Haute. Siku ya mwisho walimnunulia keki. Nilichangia.

Juni nilishindwa. Nilikuwa silali vizuri, na kila nikifungua albamu jicho langu linakwenda kwenye kikadi kile. Jumamosi nikaendesha gari hadi Terre Haute. Dada yake alinikaribisha, akaniketisha barazani karibu na Leota aliyekuwa anamenya njegere, kisha akatuacha. Nilikohoa.

"Delmar Stroh," alisema. "Umekonda. Kikohozi chako kimekuwa kama cha kuku."

"Leota, nimekuja kukwambia jambo." Na nikalisema lote, upesi, kama mtu anayetapika: chenji, tarehe, ngazi, kicheko, ile barua niliyoichana. Yeye aliendelea kumenya. Nilipomaliza akajifuta mikono kwenye aproni, akaninyooshea kiganja.

"Unayo?"

Niliitoa kwenye kikadi, kwa ncha za vidole viwili, nikamwekea. Akakandamiza kidole gumba chote juu ya uso wa sarafu, akakizungusha.

"Usiiguse u..." Lilinitoka kabla sijalizuia.

Leota akacheka, kicheko chake kilekile cha ukumbini. "Hata leo, Delmar?"

"Nisamehe."

"Ndiyo hii," alisema. "Nilikwaruza droo nzima kuitafuta. Asubuhi ile hapakuwa na mtu, nilikuwa na nafasi."

Sikumwelewa.

"Nilikupa nikijua," alisema. "Karani wa mapokezi alinisomea ile makala yako. Mwenye vidole hawezi kukosea. Nikasema, sawa, huyu ana vidole, tena ana macho. Nikimpa dola mahali pa robo, ataona, atarudi. Atasema, Leota, dada yangu, nimekosea, nitawaandikia wale watu wa gazeti. Mimi nikiandika nani atanisikiliza? Watasema kipofu analalamika. Wewe ungesikilizwa."

"Nilishuka hadi katikati ya ngazi," nikasema.

"Nilikusikia. Ile ngazi ya tisa inalia." Alirudi kwenye njegere zake, kisha akaacha. "Nikafikiri, labda ameona aibu ya watu. Ndiyo maana kesho yake nikakuuliza mwenyewe. Ukaniambia habari za tai."

Nikamwambia nitaandika sasa, kwenye gazeti, jina langu chini. Akasema kama nataka, niandike. Niliandika, na mhariri akanijibu kwa ustaarabu kwamba habari ya dola ile imeshapoa, watu wameikataa wenyewe, benki zimejaa nayo, hana nafasi nayo tena.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku ile pale barazani nilimwomba abaki na sarafu yake, akakataa, akaniwekea kiganjani na kunifumba vidole kwa mkono wake, kama alivyokuwa anawafanyia watoto wa mawakili alipowapa pipi.

"Mimi itanifaa nini?" alisema. "Nenda nayo. Umeinunua ghali."