Jana Mlikula Nini?

Likizo moja katika miaka ya hamsini, nikiwa mwalimu kijana karibu na Nakuru, nilichukuliwa kuwa mkalimani wa mtafiti Mzungu kutoka ng'ambo. Alitaka kujua kwa nini watoto wa vibarua katika mashamba ya walowezi walikuwa dhaifu. Wanawake hawakupenda kuulizwa mambo ya jikoni na mwanamume, kwa hiyo akanitafuta mimi, mwanamke mwenzao. Yeye alilala Milimani, mtaa wa Wazungu mjini Nakuru. Kila asubuhi alinipitia kwa gari tukaenda Rongai, mizani ya kupimia chakula ikinibana miguu.

Kila nyumba tuliuliza, "Jana mlikula nini?" Kila nyumba ilijibu vilevile: ugali, mboga, nyama, maziwa. Yeye anaandika. Mimi natazama watoto wenye matumbo yaliyovimba na nywele zilizopauka, halafu namtazama nyapara wa shamba, amesimama mlangoni akisikiliza kila neno.

"Bwana, nyapara akiondoka tutasikia mengine," nilimwambia.

"Mwenye shamba alituruhusu kwa sharti hilo. Tena majibu yanafanana. Hiyo ni dalili nzuri."

Dalili nzuri! Na huyu ndiye msomi.

Siku ya nne tuliingia kwa mama mmoja aliyekuwa akiosha makopo ya maziwa pale shambani. Nilipouliza, aliniangalia kwanza.

"Mwalimu, anataka maneno au anataka kuona?"

Akafunua sufuria. Palikuwa na kipande cha ugali uliolala na majani ya porini yaliyochemshwa kwa chumvi.

"Maziwa mimi naosha makopo yake tu. Watoto wangu hawajayaonja tangu mvua ianze. Mwambie apime hiki."

Nilitafsiri yote.

"Mama, chunga mdomo wako," nyapara akasema.

Mtafiti alikuwa ameshaweka mizani chini. Akamtazama nyapara, akaiinua tena, akasema tumechelewa nyumba inayofuata.

Kesho yake tulikuta geti la shamba limefungwa kwa ajili yetu. Mtafiti alinigeukia mimi!

"Ungelainisha maneno yake kidogo."

"Uliniajiri nitafsiri, Bwana, sio nilainishe."

Jumamosi nilisikia sokoni kwamba yule mama ameondolewa kwenye maziwa, amepelekwa kuchuma maua ya pareto mlimani. Nilimfuata. Hakuacha kuchuma.

"Mlikuja, mkauliza, mkaenda kulala kwenu," alisema. "Mimi nikabaki na nyapara. Angalau yule Mzungu ameandika?"

Sikujua. Jumatatu niliitafuta karatasi ya majibu ya mama yule kati ya karatasi za gari. Mtafiti alikuwa ameikata kwa mstari na kuandika juu kwamba jibu halilingani na mengine, lisihesabiwe. Nikachukua kalamu, nikaandika nyuma yake maneno ya mama yule kwa Kiswahili, kama alivyoyasema, nikamwambia: karatasi hii ikae na zingine, la sivyo atafute mkalimani mwingine.

Alitafuta mwingine. Alimpata upesi, karani wa shamba jirani, mtu wa kulainisha maneno.

Nilirudi shuleni nikiwa na hasira hata kushika chaki kukanishinda. Pareto ilipokwisha, yule mama alihamia kwa dada yake upande wa Molo pamoja na watoto. Sikumlaumu kwa kutoniaga. Alichoandika yule bwana mwishowe sijawahi kukisoma, ila naweza kukisia: vibarua wa Rongai walikula nyama.